Askari Kanzu Mbele ya Tume: Jina Lifichwe kwa Nani?

Tarehe 8 Aprili 1953, katika jengo la shule lililogeuzwa mahakama huko Kapenguria, Hakimu Ransley Thacker aliwatia hatiani Jomo Kenyatta na wenzake watano kwa kosa la kuongoza Mau Mau. Kifungo kilikuwa miaka saba na kazi ngumu. Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba walipelekwa kukitumikia Lokitaung, kwenye vilima vya mawe kaskazini mwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Achieng' Oneko alishinda rufaa, lakini hakuachiliwa; alibaki kizuizini kwingine. Ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya Kenyatta ulitoka kwa mtu mmoja, jirani yake Rawson Macharia, aliyesema alimwona akilisha watu kiapo mwaka 1950. Upande wa utetezi ulileta mashahidi kumi wa kumpinga. Thacker alisema katika hukumu yake kwamba anawakataa wote kumi na kumwamini huyo mmoja, tena bila kusita.

Macharia hakuficha jina wala uso. Alisimama kizimbani, akaapa, akahojiwa na D. N. Pritt, wakili aliyetoka London. Kilichofichwa ni mapatano. Serikali ya kikoloni ilikuwa imemwahidi masomo ya utawala wa serikali za mitaa huko Uingereza, nauli ya ndege, posho ya familia na kazi akirudi. Mapatano hayo yalitoka hadharani mwishoni mwa 1958, Macharia alipoapa kwa maandishi kwamba alidanganya Kapenguria. Alishtakiwa upesi, na kosa aliloshtakiwa halikuwa ule uongo wa Kapenguria. Alishtakiwa kwa kile kiapo cha kuukiri, na mwaka 1959 akafungwa. Thacker naye alilipwa pauni 20,000 kwa kesi hiyo, mbali na mshahara, na umma haukuambiwa.

Naanza na kesi hii kwa sababu ya swali ambalo limezikabili tume za uchunguzi katika nchi nyingi: je, polisi aliyefanya kazi ya siri, aliyevaa kiraia, aliyejipenyeza kwa jina la kupanga miongoni mwa watu, akiitwa mbele ya tume ya hadhara aruhusiwe kuficha jina lake? Mjadala wa kawaida huishia kwenye jina: litajwe au lisitajwe. Kapenguria inaonyesha kwamba jina linaweza kuwa wazi kabisa na ukweli ukabaki umefungwa. Kwa hiyo nitauliza maswali matatu mahali pa moja. Ni kitu gani hasa kinachofichwa? Kinafichwa kwa nani? Na ni nani aliyetoa ruhusa?

Hali ya Hatari ya 1952 hadi 1960 ilitupa pia mfano wa pili, kinyume cha ule wa Macharia. Aprili 1954 wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, wakawapanga maelfu ya wanaume wa Kikuyu, Embu na Meru katika foleni. Mbele ya foleni alikaa mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Watu walimwita gakunia. Akitikisa kichwa, aliye mbele yake alipelekwa kizuizini Manyani au Mackinnon Road. Gakunia hakuapa wala hakuhojiwa na mtu yeyote. Huenda alimtambua kweli mlisha viapo. Huenda alimtambua mtu waliyegombania shamba. Aliyechukuliwa hakuwa na njia ya kujua, na hata ofisa aliyesimama kando ya gunia hakuwa na njia ya kupima. Sambamba na hayo, misituni kikosi maalumu cha polisi, chini ya watu kama Ian Henderson, kiliunda magenge bandia: wapiganaji walioshikwa na kugeuzwa, pamoja na polisi waliojipaka weusi, wakiingia msituni kama Mau Mau. Magenge hayo yalisaidia kumfikia Dedan Kimathi Oktoba 1956. Yalifanya nini kingine njiani, na dhidi ya nani, ni jambo ambalo hakuna tume iliyowahi kukaa kulichunguza.

Uhuru ulipokaribia, ulinzi wa majina hayo ukawa sera. Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni, alielekeza kwamba serikali mpya zisikabidhiwe nyaraka zitakazoiaibisha Uingereza, au zitakazowaaibisha polisi, wanajeshi na wengineo, watoa habari wa polisi wakitajwa kama mfano, wala nyaraka zitakazofichua vyanzo vya ujasusi. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa. Zile za Kenya zilikaa zimefichwa Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipozifukua mwaka 2011. Ndani yake mlikuwa na habari za mateso kambini, na Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Ningependa msomaji akae kidogo na jambo hili. Miongoni mwa sababu zilizoandikwa za kuondoa makaratasi ilikuwa kumlinda mtoa habari. Lakini kilichoondoka pamoja na jina lake ni ushahidi wa waliopigwa na kuhasiwa, na ukakaa huko nusu karne. Sababu inaweza kuwa ya kweli, na bado ikabeba mgongoni mzigo usio wake.

Uingereza yenyewe imelazimika kulijibu swali hili nyumbani kwake, na kwa urefu kuliko nchi yoyote ninayoifahamu. Mwaka 1968, baada ya maandamano ya kupinga vita vya Vietnam, Polisi wa London walianzisha kikosi cha siri kilichokuja kujulikana kwa herufi SDS. Kwa miaka 40 maofisa wake walijipenyeza katika vyama vya siasa, vyama vya wafanyakazi, makundi ya kupinga ubaguzi wa rangi na ya kutetea wanyama. Vikundi vilivyopelelezwa na polisi wa siri vinahesabiwa kuwa zaidi ya 1,000. Wengi walichukua majina ya watoto waliokufa, wakayatoa katika rejista za vifo bila wazazi kujua. Wengine waliishi na wanawake wa vikundi hivyo kama wapenzi, miaka na miaka. Bob Lambert, akijiita Bob Robinson, alizaa mtoto na mwanamke aliyekuwa akimpeleleza, kisha akatoweka. Mwaka 2014 polisi walimlipa mama huyo pauni 425,000. Mark Kennedy wa kikosi kingine cha siri, aliyeishi kama Mark Stone, alifichuliwa na wanaharakati wenyewe mwaka 2010. Ilipojulikana kwamba hata watu waliokuwa wakitafuta haki ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa na wabaguzi mwaka 1993, walikuwa na kachero karibu yao, serikali iliamua kuunda tume ya hadhara. Ilianza 2015 chini ya Jaji Christopher Pitchford, na tangu 2017 imeongozwa na John Mitting.

Mashahidi wa kwanza walisikilizwa Novemba 2020, zaidi ya miaka mitano baada ya tume kuundwa. Sehemu kubwa ya muda huo ilitumika kugombania majina. Maofisa wengi waliomba amri ya kufichwa, na kila ombi lilifuatana na tathmini ya hatari: je, atashambuliwa, watoto wake watasumbuliwa shuleni, afya yake ya akili itahimili? Maofisa walipewa herufi na namba. Mawakili wa polisi waliegemea msemo wao wa zamani, kwamba hawathibitishi wala hawakanushi kuwa fulani ni mpelelezi. Machi 2018 waathiriwa na mawakili wao walitoka nje ya kikao kwa hasira, wakiona kwamba Mitting anatoa hifadhi kirahisi mno. Alikuwa amedokeza kwamba mtu aliyedumu katika ndoa moja miaka mingi haelekei kuwa alikuwa na mahusiano kazini. Nawaelewa waliotoka. Hatari kwa ofisa ilipimwa kwa ripoti za wataalamu. Uwezekano kwamba amemwumiza mtu ulipimwa kwa dhana ya jaji kuhusu ndoa.

Hata hivyo, katika mvutano huo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo naliona kuwa kiini cha suala lote. Polisi wa siri ana majina mawili: jina alilozaliwa nalo na jina alilofanyia kazi. Mwanamke aliyeishi na Mark Stone hamjui Mark Kennedy. Tume ikichapisha jina la kuzaliwa bila lile la kazi, haimsaidii lolote. Ikichapisha jina la kazi, yeye na wenzake mamia watajitambua kuwa walipelelezwa, watajitokeza, wataleta picha, barua na tarehe, na tume itapata ushahidi ambao makabrasha ya polisi hayana. Kwa hiyo jina la kazi ni mlango wa ushahidi, na jina la kuzaliwa ni suala la usalama na uwajibikaji wa mtu mmoja. Kuyachanganya mawili hayo, kusema tu "tumlinde ofisa", ni kumfungia nje shahidi asiyejua kwamba yeye ni shahidi. Mwishowe tume ilichapisha majina mengi ya kazi hata pale ilipoficha yale ya kuzaliwa, na ripoti yake ya awali ya Juni 2023 iliona kwamba kazi ya kikosi hicho katika miaka yake ya mwanzo kwa sehemu kubwa haikuwa na uhalali, na kwamba laiti umma ungejua wakati ule, kingevunjwa haraka.

Ireland Kaskazini inaongeza funzo lingine. Wanajeshi waliowafyatulia risasi waandamanaji Derry tarehe 30 Januari 1972 waliruhusiwa na Mahakama ya Rufani, mwaka 1999, kutoa ushahidi mbele ya tume ya Lord Saville kwa herufi na namba badala ya majina. Familia ziliumia. Lakini kila mwanajeshi alibaki na herufi yake ileile mwanzo hadi mwisho, tume ilimjua kwa jina, na ripoti ya 2010 iliweza kueleza kwa herufi nani alimpiga nani. Herufi isiyobadilika, iliyofungwa kwa mtu mmoja, haizuii lawama kumfikia. Gunia la gakunia lilizuia.

Na iko mifano ya hifadhi iliyogeuka kuwa kejeli kwa wafu. Mwaka 1990, serikali ya Makaburu iliunda tume chini ya Jaji Louis Harms kuchunguza vikosi vya mauaji, baada ya Dirk Coetzee, aliyekuwa kamanda wa polisi huko Vlakplaas, kukiri gazetini. Maofisa wa kitengo cha siri cha jeshi waliruhusiwa kufika wakiwa wamevaa nywele za bandia na ndevu za kubandika. Harms alihitimisha kwamba hakuona ushahidi wa kikosi cha mauaji Vlakplaas. Miaka sita baadaye Eugene de Kock, aliyekuja kushika ukamanda huo baada ya Coetzee, alihukumiwa vifungo vya maisha kwa mauaji. Siwezi kudai kwamba ndevu ndizo zilizoipotosha tume. Maofisa walificha pia makabrasha na kusema uongo. Lakini tume iliyokubali kuvaliwa ndevu ilikuwa imekwisha kukubali kwamba mbele yake anayeamua ni mchunguzwa.

Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuja kulisema jambo hilo kisheria. Katika kesi ya Van Mechelen dhidi ya Uholanzi, Aprili 1997, maofisa wa polisi walikuwa wametoa ushahidi bila kujulikana, wakiwa chumba kimoja na jaji huku washtakiwa na mawakili wakisikiliza kwa mbali. Mahakama ilisema polisi si sawa na raia aliyeogopa: ana wajibu wa utii kwa serikali, ana uhusiano na upande wa mashtaka, na kutoa ushahidi hadharani ni sehemu ya kazi aliyoichagua. Kwa hiyo kumficha kuwe jambo la nadra kabisa. Naikubali hoja hiyo, kwa nyongeza moja ambayo Kenya imenifundisha.

Nyongeza hiyo ni Bernard Kiriinya. Alikuwa konstebo aliyefanya kazi na kikosi kilichojulikana kama Kwekwe, kilichoundwa kupambana na kundi la Mungiki. Mwaka 2008 aliieleza Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu jinsi washukiwa walivyokuwa wakikamatwa, kuuawa na kutupwa, akihesabu visa zaidi ya 50. Aliwekwa mahali pa kujificha. Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi Nairobi akafa. Ushahidi wake uliorekodiwa ulitangazwa Februari 2009, wakati Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji yasiyo halali, alipokuwa nchini. Tarehe 5 Machi, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, watetezi wa haki waliokusanya habari za mauaji hayohayo, waliuawa ndani ya gari lao karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Hoja ya Mahakama ya Ulaya, kwamba polisi amechagua kazi yake na asimame wazi, inamfaa ofisa anayejitetea. Haimfai ofisa anayewashtaki wenzake. Huyo hatishwi na majambazi. Wanaomtisha ndio waliokuwa wakimpa amri, na jina lake liko kwenye orodha yao ya mishahara.

Hapa Kenya mambo yamekwenda kinyume. Hifadhi imewaendea wale wa kwanza na kuwapita wa pili. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa Machi 1975, Bunge liliunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, nayo ikafuata nyayo hadi kwa polisi, akiwemo Ben Gethi, mkuu wa kikosi cha polisi cha GSU. Wabunge wa enzi hiyo wamesimulia kwamba kabla ripoti haijawasilishwa, Rais Kenyatta aliamuru majina mawili yaondolewe: Mbiyu Koinange, waziri wake, na Wanyoike Thungu, mlinzi wake. Hakukuwa na ombi, tathmini ya hatari, wala jaji. Kalamu ilipita tu. Nalitaja kwa uchungu kwa sababu aliyeishika kalamu hiyo alikuwa amekaa Lokitaung miaka sita kwa ushahidi ulionunuliwa sirini. Tume ya Jaji Evans Gicheru kuhusu kifo cha waziri Robert Ouko, iliyoanza 1990, haikufika hata kwenye hatua ya kuandika majina. Rais Moi aliivunja Novemba 1991. Chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 102, tume ni ya Rais. Huiunda, na kama tulivyoona, huivunja. Tume ya namna hiyo hata ikimwahidi shahidi hifadhi, ahadi hiyo inaishi kwa hisani ya mtu ambaye huenda ushahidi unamwelekea.

Tume ya Philip Waki, mwaka 2008, ililijua hilo. Ilirekodi vifo 1,133 vya ghasia za baada ya uchaguzi, vikiwemo 405 vya risasi. Majina ya washukiwa wakuu haikuyachapisha wala kuyakabidhi kwa Rais. Iliyafunga katika bahasha ikampa Kofi Annan, na Julai 2009 bahasha ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Wengi waliiona bahasha ile kama tishio. Mimi naiona zaidi kama uamuzi kuhusu hifadhi: majina yafichwe kwa umma kwa muda, yasifichwe kwa mwenye mamlaka ya kuchunguza, na asiyashike anayeweza kuyafuta. Huo ndio mpango bora kuliko wote uliowahi kubuniwa na tume ya Kenya. Ulikuja kukwama kwingine, huko ambako mashahidi walipewa namba. Septemba 2013, shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka katika kesi ya William Ruto alisikilizwa sura na sauti yake zikiwa zimegeuzwa, na bado jina na picha vikasambaa mitandaoni. Huenda watu wa kwao walimtambua kwa alichokisimulia. Kesi ilifungwa Aprili 2016, majaji wakizungumzia kuingiliwa kwa mashahidi.

Hilo linanirudisha Turkana, maana namba inayomficha mtu London haimfichi mtu Lodwar. Mfikirie mfugaji kutoka Lokitaung aliyeona operesheni ya kusaka bunduki. Serikali imeendesha operesheni za namna hiyo Bonde la Ufa kaskazini, zikiwemo zile zilizoitwa Dumisha Amani za 2005 na 2010. Akisema alikuwa kisimani na ngamia siku fulani, na nduguye akapigwa, kila mtu kuanzia hapo hadi Todonyang atajua ni nani. Ofisa aliyempiga alitoka kaunti nyingine, akakaa mwaka mmoja au miwili, akahamishwa. Askari huhama, shahidi hubaki. Tume ikifika na kumpa ofisa herufi huku ikimwita mfugaji kwa jina lake na la kijiji chake, imempa hifadhi yule anayeihitaji kidogo. Na polisi wa akiba ni kinyume chake: huyo ni jirani, amepewa bunduki ya serikali kulinda mifugo dhidi ya wavamizi, na jina lake likitajwa pamoja na kifo fulani, kisasi kinaweza kumfikia mtoto wake malishoni. Siwezi kutoa kanuni moja kwa wawili hawa, na naishuku tume yoyote itakayotoa.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofanya vikao vyake nchini mwaka 2011, Lodwar ikiwa mojawapo ya vituo, ilikuwa na desturi moja ambayo tume za baadaye zingeiga: iliandaa vikao vya wanawake peke yao, ambamo yaliyotendwa na askari usiku yaliweza kusemwa bila wazee na watazamaji kuwepo. Hapo hakuna aliyehitaji namba. Hifadhi ilikuwa ni nani aliyeketi chumbani. Kakuma, ambako tangu 1992 kambi imewapokea watu waliokimbia Sudan, Somalia, Kongo na kwingineko, hofu ni ya namna nyingine tena: mkimbizi hajui kama anayemwuliza maswali ni mfanyakazi wa shirika, askari kanzu wa Kenya, au jasusi wa serikali aliyoikimbia. Dong Samuel Luak na Aggrey Idri, wakosoaji wa serikali ya Sudan Kusini, walitoweka Nairobi Januari 2017, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa baadaye waliona kuwa yaelekea sana waliuawa baada ya kupelekwa nchini kwao. Mpaka leo hakuna tume ya hadhara iliyoeleza nani aliwachukua mitaani.

Hapa ndipo mjadala wa Kenya unapotofautiana na wa Uingereza. Kule ofisa huomba hifadhi anapoitwa. Hapa hujipa hifadhi kabla hajatenda. Katika maandamano ya vijana ya Juni 2024 na miezi iliyofuata, watu waliovaa kiraia, nyuso zimefunikwa, walionekana wakikamata vijana na kuwatia katika magari yenye namba zilizofichwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 82 waliotekwa kuanzia Juni hadi Desemba mwaka huo. Nyongeza ya Sita ya Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inamtaka ofisa aliyevaa sare aweke jina au namba yake mahali pa kuonekana, na mwaka 2024 Mahakama Kuu iliamuru polisi wanaosimamia maandamano wasifiche utambulisho wao. Ofisa aliyevua sare, akafunika uso na kubandua namba ya gari ametimiza mwenyewe yale ambayo kachero wa London alilazimika kuyaombea kwa jaji miaka kadhaa. Tume ya aina gani itajadili kutaja jina lake, ikiwa halikuandikwa popote?

Ndiyo maana nasema kwamba kwetu jina la kazi la kachero, ule mlango wa ushahidi, mara nyingi si jina. Ni kitabu cha matukio cha kituo, hati ya kutoa gari, namba ya bunduki iliyochukuliwa ghalani asubuhi na kurudishwa jioni. Kisumu, Januari 2008, kamera ya televisheni ilimnasa polisi akimpiga risasi kijana asiye na silaha. Ofisa alishtakiwa, na mwaka 2010 akaachiliwa. Namba ya bunduki iliyoletwa kama kielelezo haikulingana na ile ya kwenye rejista. Uso ulionekana na nchi nzima, jina lilijulikana, na kesi ikaanguka kwenye tarakimu. Tume inayotaka ukweli ingeanza kwa kuamuru rejista hizo zifungwe na ziletwe kwake siku ya kwanza, kabla mawakili hawajaanza kubishana kuhusu mapazia na sauti za kugeuzwa.

Nikifika kwenye lile suala lenyewe, basi, msimamo wangu ni huu. Jina la kuzaliwa la ofisa linaweza kufichwa kwa umma pale hatari kwake imethibitishwa, mtu mmoja mmoja, si kwa kikosi kizima. Lisifichwe kwa tume hata siku moja. Kikosi chake, mkuu wake, aliyetoa amri, tarehe, mahali, gari na bunduki visifichwe kwa yeyote. Malipo na ahadi alizopewa ili aseme ziandikwe mezani kabla hajaapa. Kapenguria inadai angalau hilo. Na aliyeteswa, au mama wa aliyeuawa, ana haki ya kumjua mtendaji hata kama gazeti halimjui. Najua hilo la mwisho ni gumu, kwa kuwa siri ikishafika kwa familia inaweza isikae. Lakini mzigo wa kuhatarisha siri usiwekwe wote upande wa aliyekwisha kupoteza mtu.

Sheria za kufanya hivyo tunazo kwa kiasi kikubwa. Kifungu cha 50 cha Katiba kinalinda haki ya kuhoji ushahidi, na pia kinaruhusu kesi kusikilizwa faragha ili kuwalinda mashahidi. Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ya 2006, iliyorekebishwa 2010 na kuunda wakala wake wa kujitegemea, inataja majina ya kupanga, vikao vya faragha, ushahidi kwa video na kuhamishwa makazi. Kinachokosekana ni kanuni inayomtenganisha ofisa anayejitetea na ofisa anayefichua, na chombo cha kuchunguza kisichoweza kuvunjwa na anayechunguzwa. Sheria ya Huduma ya Mchunguzi wa Vifo ilipitishwa mwaka 2017 na miaka kadhaa baadaye ilikuwa bado haijaanza kufanya kazi.

Wakati huo wote, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, vifungu vya 385 hadi 388, imempa hakimu wa kawaida mamlaka ya kuchunguza kifo kilichotokea mikononi mwa polisi au katika mazingira ya kutatanisha. Hakimu wa Lodwar au wa Kakuma hahitaji kumngoja Rais aunde tume. Anaweza kuagiza rejista ya silaha ya siku ile, kuandika majina halisi ya maofisa katika faili analolifunga mwenyewe, kumpa kila mmoja herufi isiyobadilika, na kwenda kumsikiliza mfugaji mbali na soko, kwa mkalimani ambaye si wa kituo cha polisi.